Kipenyo cha Duara na Nusu Yake

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Tuseme basi kijiji kimoja katika vilima vya Kasulu kimekusudia kuilinda chemchemi yake kwa kipimo hicho hicho. Wazee wamekubaliana, kamba ya mita 60 imekatwa, na vijana wawili wametumwa kuweka alama. Kijana wa kwanza asimama penye jicho la maji na kushika ncha moja ya kamba; mwenzake aizungusha ncha ya pili huku akipigilia vigingi. Hao wamepima sawasawa. Lakini wangaliweza pia kuinyosha kamba ile juu ya chemchemi, maji yakiwa katikati, wakapigilia kigingi upande huu na kigingi upande wa pili, wakaendelea hivyo kuzunguka, kisha wakarudi kwa wazee wakisema, "Tumepima mita 60 kama mlivyotuagiza." Wala hawakusema uongo. Kamba ni ile ile na hesabu ni ile ile, ila eneo walilolizungushia vigingi ni robo tu ya lile lililokusudiwa. Robo tatu zimebaki nje, na mwenye jembe aweza kuzilima bila mtu kumwambia neno.

Twataka kulieleza jambo hili leo kwa ajili ya walimu wa madarasa ya chini, na kwa ajili ya wazee na wakuu wa vijiji ambao mara kwa mara huletewa vipimo vya namna hii ili wavikubali. Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa shule aifahamu kwa siku moja. Taabu yake ni kwamba watu huitaja namba bila kusema imepimwa kutoka wapi.

Kwanza tuyaangalie majina, kwa maana katika Kiswahili majina yenyewe yamekwisha kueleza nusu ya somo. Mahali pa katikati ya duara huitwa kitovu, kama kitovu cha mwili, kwa kuwa pande zote za ukingo ziko mbali nacho kwa kadiri moja. Mstari unaolizunguka duara huitwa mzingo. Mstari ulionyoka utokao ukingo mmoja, ukapita katika kitovu, ukatokea ukingo wa pili, huitwa kipenyo. Nao umeitwa hivyo kwa sababu umelipenya duara kama sindano inavyoipenya nguo, umeingia huku umetokea kule. Na mstari utokao kitovuni ukaishia ukingoni huitwa nusu-kipenyo, kwa maana umekwenda nusu ya safari ile. Walimu wengine huuita rediasi, wala si vibaya, lakini mtoto anayejifunza kwa mara ya kwanza afadhali aanze na jina linalomwambia maana yake. Akisikia "nusu-kipenyo" hana haja ya kukariri kanuni, maana kanuni imo ndani ya jina: chukua kipenyo, ukigawe kwa 2, umepata nusu-kipenyo, chukua nusu-kipenyo, ukizidishe kwa 2, umepata kipenyo.

Mwalimu aliye karibu na ziwa asitafute ubao kwa somo hili. Mchanga wa pwani wafaa kuliko ubao. Na apigilie kijiti, afunge uzi, afunge kijiti cha pili katika ncha ya uzi, kisha mtoto mmoja azunguke huku akichora, uzi ukiwa umekazwa. Duara likimalizika, uzi ule ndio nusu-kipenyo. Sasa watoto wauondoe uzi, waulaze juu ya duara kutoka ukingoni hadi kitovuni, watie alama, kisha wauendeleze mbele moja kwa moja. Wataona kwamba uzi umetosha mara mbili kamili, usizidi wala usipungue. Waagizwe kujaribu tena kwa kuelekea ziwani, tena kwa kuelekea shuleni, tena kwa kuelekea popote wapendapo. Kila upande jibu ni lile lile, na mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake hasahau.

Hapo mmoja wao atauliza, kama watoto wenye akili wanavyouliza, kwa nini mstari usiopita kitovuni usiitwe kipenyo nao, maana nao watoka ukingo hadi ukingo. Mwalimu asimkemee. Amwambie aupime. Kila mstari unaokwepa kitovu ni mfupi kuliko ule upitao humo, na kadiri unavyokwepa zaidi ndivyo unavyozidi kuwa mfupi, mpaka unakwisha kabisa penye ukingo. Basi kipenyo ndicho mstari mrefu kuliko yote iwezayo kuwekwa ndani ya duara. Fundi anayepima mdomo wa pipa la mafuta hujua hivyo ingawa hakufundishwa: huiweka rula juu ya mdomo, huisukuma huku na huku akitazama namba inavyopanda na kushuka, na ile kubwa kuliko zote huiandika.

Sasa twafika penye chanzo cha makosa mengi. Kazi nyingine hutaja kipenyo, na kazi nyingine hutaja nusu-kipenyo, na kila moja ina sababu yake. Mwuza mabomba, mwuza mapipa, mwuza nati na mwuza magurudumu ya baiskeli hutaja kipenyo, kwa maana kitu chao kina ukingo wa kushikika, lakini katikati mwake ni tundu tupu, au pamefichwa na ekseli. Nani awezaye kuweka ncha ya rula juu ya hewa? Lakini mpima ardhi, mkulima, fundi wa nyumba ya mviringo na mchungaji anayefunga mbuzi kwa kamba, hao husimama kitovuni wenyewe, na ukingo bado haupo mpaka wauchore. Basi wao hutaja nusu-kipenyo. Hata mainjinia wa reli hufanya hivyo: mahali reli inapopinda, ukali wa pindo hutajwa kwa nusu-kipenyo cha duara ambalo pindo lile ni kipande chake, na nusu-kipenyo kikiwa kifupi pindo huwa kali zaidi. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipimwa kwa desturi hiyo, na hakuna aliyehitaji kwenda kusimama katika kitovu cha kila pindo, maana vitovu vingine vyaweza kuangukia mabondeni au vichakani.

Kwa hiyo mtu akitoka dukani akaingia shambani, namba ile ile yabadilika maana yake njiani. Swali la kuuliza ni moja tu: "Kutoka katikati, au kutoka ukingo hadi ukingo?"

Huenda msomaji akasema kwamba kosa la nusu ni kosa dogo, kwa maana aliyepata nusu hakukosa yote. Lingekuwa hivyo kama tungepima urefu peke yake, kama ukuta au njia. Lakini duara lina eneo, na eneo halifuati hesabu ya urefu. Mwalimu na achukue karatasi yenye miraba midogo, achore duara, ahesabu miraba iliyomo. Kisha afikiri kwamba karatasi ile imevutwa kama mpira mpaka kila kitu kimekuwa kirefu mara mbili na kipana mara mbili. Kila mraba mdogo sasa umekuwa mkubwa kiasi cha kuweza kugawanywa katika miraba minne ya kadiri ya kwanza, miwili juu na miwili chini. Ikiwa kila mraba umekuwa minne, basi duara lote limekuwa mara nne. Hatukuhitaji kanuni yoyote ya duara kwa kuonyesha hivyo, nayo ni kweli kwa umbo lolote lile, liwe duara, mraba au jani la mgomba.

Turudi kwenye chemchemi yetu. Duara lenye nusu-kipenyo cha mita 60 lina eneo la mita za mraba 11,310 kwa kukadiria, yaani karibu ekari 2.8. Duara lenye kipenyo cha mita 60, ambalo nusu-kipenyo chake ni mita 30, lina mita za mraba 2,827, yaani ekari 0.7. Msomaji aone mwenyewe: si nusu, ni robo. Tena jicho la chemchemi lenyewe lina upana, na sheria inapozungumza juu ya mto au ziwa huhesabu kutoka ukingoni mwa maji. Kwa hiyo mpimaji mwangalifu hataiweka ncha ya kamba katikati ya maji, bali ataongeza juu ya mita 60 kadiri ya nusu-kipenyo cha jicho lile.

Mfano wa pili ni wa mabomba, na hapa hasara huenda upande mwingine. Bomba la inchi 2 lina mdomo mara 4 ya mdomo wa bomba la inchi 1, wala si mara 2, ingawa kwa macho laonekana limezidi kidogo tu. Na maji yatakayopita ndani yake huzidi hata mara 4, kwa kuwa bomba jembamba huyabana maji kwa kuta zake. Kamati ya maji inayodhani kwamba mabomba mawili ya inchi 1 yatafanya kazi ya bomba moja la inchi 2 itanunua mabomba mengi na wananchi watabaki kupanga ndoo.

Lakini katika nchi ya Kigoma hakuna mahali ambapo jambo hili lina uzito kuliko katika shamba la michikichi. Zao hili ni la zamani kando ya Ziwa Tanganyika, na mawese na mise vimewalisha na kuwavisha watu wa pwani hii tangu kabla ya reli. Tangu mwaka 2018 serikali imelitilia mkazo upya, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, katika mkoa huu huu, kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu bora za aina ya Tenera, ambayo kokwa yake ina ganda jembamba na nyama yake ya mafuta ni nene kuliko ile ya Dura iliyozoeleka tangu zamani. Wakulima wengi wamepanda upya, na wengine wanapanda kwa mara ya kwanza.

Kwa kuelewa nafasi ya michikichi, tuanze na mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 3 atakula majani ndani ya duara ambalo nusu-kipenyo chake ni mita 3. Ukitaka kufunga mbuzi wa pili kwa kamba ya kadiri ile ile, wasipate kufikiana na kuzongana, kigingi cha pili utakipigilia mbali kiasi gani? Mtu mwenye haraka husema mita 3, kwa maana kamba ni mita 3. Lakini mbuzi wa kwanza anahitaji mita 3 upande wake, na wa pili anahitaji mita 3 upande wake, basi kutoka kigingi hadi kigingi ni mita 6. Yaani nafasi baina ya vitovu viwili ni nusu-kipenyo na nusu-kipenyo, nayo ni sawa na kipenyo kimoja.

Mchikichi nao ni kama mbuzi aliyefungwa, ila kamba yake ni makuti. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni mita 9 kutoka mche hadi mche, miche ikipangwa kwa pembetatu, ili kila mchikichi uwe na duara lake lenye nusu-kipenyo cha mita 4.5. Kwa kipimo hicho hekta moja huchukua michikichi 143. Sasa fikirini mkulima aliyeambiwa kwamba kila mche una haki ya mita 4.5 kila upande, naye akapanda kila mche mita 4.5 kutoka kwa mwenziwe. Ameisikia namba iliyo sawa, naye ameitumia mahali pasipo pake. Katika hekta ile ile ameshindilia michikichi 570, yaani mara nne. Miaka ya kwanza atafurahi, maana shamba lajaa na majirani wasifu. Lakini makuti yakisha kukutana, miti hushindania mwanga, hurefuka badala ya kuzaa, na mikungu huwa midogo na haba. Mchikichi huanza kuzaa kama miaka mitatu baada ya kupandwa shambani, na huendelea kuleta faida kwa zaidi ya miaka 25. Kosa la siku moja ya kupima huweza basi kukaa shambani mpaka mtoto wa mkulima awe na watoto wake, isipokuwa baba apate moyo wa kuikata miti aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe. Twajua jambo hilo lilivyo gumu.

Kwa upande wa palizi kosa hugeuka. Shina la mchikichi mchanga sharti lizungushiwe duara lililo safi, lisilo na majani. Mkulima akiambiwa asafishe mita 1 kutoka shinani, duara lake litakuwa na kipenyo cha mita 2. Wengi husafisha duara lenye upana wa mita 1 tu, na hivyo shina hupata robo ya nafasi safi iliyotakiwa. Dawa yake ni rahisi: fimbo ya mita 1, ncha moja iguse shina, ncha ya pili ichore. Mwenye fimbo hiyo hana haja ya kukumbuka hesabu.

Tumesema juu ya duara lenye kitovu kinachojulikana. Je, tukipewa duara lililokwisha kuchorwa, kama kifuniko cha pipa au sinia, na kitovu chake hakina alama, tutakipataje? Ipo njia nzuri inayohitaji kitabu tu, au kitu chochote chenye pembe iliyo sawasawa kama pembe ya ukurasa. Weka pembe ya kitabu juu ya ukingo wa duara, kitabu kikilala juu ya sinia. Pande mbili za kitabu zitaukata ukingo mahali pawili pengine. Tia alama hapo pawili, uziunganishe kwa mstari. Mstari huo ndio kipenyo. Sogeza kitabu mahali pengine ufanye tena vile vile, upate kipenyo cha pili. Mahali vipenyo viwili vinapokatana ndipo kitovu kilipo. Wayunani wa kale waliijua kanuni hii, na mafundi seremala waitumia hata leo. Watoto huipenda sana, kwa kuwa waona kitovu kikijitokeza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Na je, tukiwa na duara tusiloweza hata kulipenya, kama shina la mwembe lililosimama? Hapo twaushika mzingo, maana kamba yaweza kulizunguka shina bila kulikata. Mzingo wa kila duara, likiwa kubwa au dogo, ni mara 3 ya kipenyo na zaidi kidogo. Archimedes, mwenye hekima wa Kiyunani aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba ile ziada ni ndogo kuliko sehemu 1 ya 7, na ni kubwa kuliko sehemu 10 za 71. Kwa kazi zetu za kijiji yatosha kuchukua 3 na sehemu 1 ya 7, yaani 22 kwa 7. Shina lenye mzingo wa sentimita 220 lina basi kipenyo cha sentimita 70, na nusu-kipenyo cha sentimita 35. Mpasuaji mbao akitaka kujua ubao mpana kuliko wote atakaoupata katika shina lile, hataupata uzidio sentimita 70, na huo mmoja sharti upite katikati ya moyo wa mti. Tena atoe unene wa magamba pande zote mbili, si upande mmoja. Hilo la pande mbili husahauliwa na wengi, nalo ni lile lile tulilokwisha kulisema: gamba la sentimita 2 hupunguza nusu-kipenyo kwa sentimita 2, lakini hupunguza kipenyo kwa 4.

Zamani, Waha walipojenga nyumba zao za mviringo za nyasi, wajenzi walihitaji kuyajua haya kwa mikono ingawa hawakuyaandika. Nyumba ikiongezwa upana mara mbili, miti ya kuzunguka ukuta huongezeka mara mbili, kwa maana ukuta wafuata mzingo, nao mzingo wafuata kipenyo. Lakini nyasi za paa, ikiwa paa lina mwinuko ule ule, huongezeka mara nne. Aliyekwenda kukata nyasi mara mbili tu ya zile za nyumba ndogo alirudi porini tena.

Twawapa walimu maswali mawili ya kuwajaribu wanafunzi. La kwanza ni la baiskeli. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 70. Ekseli yake iko juu ya ardhi kwa sentimita ngapi, na gurudumu litazunguka mara ngapi katika kilomita 1? Ekseli ni kitovu, na ardhi ni ukingo, basi jibu la kwanza ni sentimita 35, na mtoto aweza kulihakikisha kwa rula mbele ya duka lolote la fundi baiskeli. Mzunguko mmoja ni sentimita 220, basi kilomita 1 ni mizunguko 454 na nusu hivi. Mwanafunzi atakayejibu 227 msimwambie tu kwamba amekosa. Mwulizeni alifikiri 70 imepimwa kutoka wapi.

La pili ni la mbuzi wetu. Mbuzi mmoja ana kamba ya mita 3 na mwingine ana kamba ya mita 5. Vigingi viwekwe mbali kiasi gani wasipate kufikiana, na yule wa kamba ndefu ana malisho mara ngapi ya mwenziwe? Vigingi ni mita 8. Malisho ni 25 kwa 9, yaani karibu mara 2 na robo tatu, ingawa kamba yake haikuzidi hata mara 2.